Kambi ya likizo kwa mtoto: ipime saa saba mchana na saa nane usiku

Ikifika katikati ya Mei, kundi letu la wazazi la WhatsApp hujaa mabango. Mtoto anaruka bwawani, mwingine ameshika roboti ya plastiki, watatu wamekaa kwenye majani wanacheka, na chini kabisa namba ya kulipia. Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Segerea, Dar es Salaam, alinitumia mabango matano kwa mpigo, akaandika: "Dada, wewe wa kwako ulishawapeleka. Nichukue lipi?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, ikafika dakika kumi na mbili, nikaifuta. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimekaa kuliandika, naye atalisoma pamoja na ninyi.

Kwanza neno lenyewe. Mjini hapa ukisema "kambi", kila mtu anasikia lake. Mwenye mtoto wa darasa la saba anasikia kambi ya mitihani, watoto kulala shuleni na kusoma mpaka usiku. Msabato anasikia makambi, ile mikutano yao ya kila mwaka. Mpenzi wa mpira anasikia timu imeingia kambini kujiandaa na msimu. Ninayoizungumzia mimi ni kambi ya likizo, ambako mtoto anacheza na kujifunza chini ya watu wazima ambao si wazazi wake. Desturi hii ilikomaa Marekani. Mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, alianza kuwatoa wanafunzi wake kwenda kupiga kambi mwaka 1861, na kule imekuwa sehemu ya malezi kwa sababu shule hufungwa Juni hadi Agosti, jua likiwa kali na wazazi wakiwa kazini. Kwetu Juni ni kipupwe, na shule nyingi zinazofuata mtaala wa taifa hufungwa takribani mwezi mmoja tu. Tofauti hiyo inaumiza mifuko. Kambi kadhaa za upande wa Masaki na Oysterbay hupangwa kwa kufuata likizo ya shule za kimataifa, ambazo watoto wake wako nyumbani mpaka Agosti. Ukilipia kabla ya kusoma tarehe, utakuta wiki uliyoipenda imeangukia mwishoni mwa Julai na wa kwako ameshavaa sare, yuko darasani.

Sasa niende kwenye jambo lililonifunza zaidi. Picha za mabango zote ni za saa nne asubuhi. Saa nne kila kambi ni nzuri: walimu wana nguvu, jua halijachoma, watoto wametoka kunywa chai. Mimi hulinganisha kwa saa nyingine mbili. Saa saba mchana watoto wameshiba, walimu wamechoka, ratiba imeandikwa "mapumziko", na hapo ndipo unapomjua anayewatazama kwa kweli. Saa nane usiku mtoto ameamka hajui yuko wapi, au anakohoa, au amelowa. Nani yuko karibu naye? Kila nilichokiweka kwenye mizani, iwe kambi ya kutwa, kambi ya kulala, tuisheni au nyumba ya bibi, nilikipima hapo.

Kambi ya kutwa

Hizi ndizo zilizo nyingi Dar. Unampeleka saa mbili asubuhi, unamchukua saa tisa au kumi. Ziko za michezo, za sanaa, za kompyuta na roboti, na za mchanganyiko.

Mwanangu wa kiume alipokuwa darasa la kwanza tulimpeleka kwenye moja yenye bwawa zuri, wiki mbili. Siku ya kwanza alirudi anaimba. Siku ya tatu nikafungua begi lake nikakuta chupa ya maji imejaa mpaka shingoni, vilevile nilivyoijaza alfajiri. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, hawajasema muda wa kunywa." Mtoto wa miaka saba, ameshinda juani na bwawani, hajanywa hata funda moja, kwa sababu alikuwa anasubiri aambiwe kama darasani.

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikafika pale saa saba kasorobo bila kutoa taarifa. Watoto kama ishirini walikuwa chini ya kibanda, wakubwa kwa wadogo, na kijana mmoja tu wa kuwaangalia. Amekaa kwenye kiti, uso kwenye simu, mgongo ameupa bwawa. Geti la bwawa liko wazi. Nilihesabu hatua kutoka kibandani mpaka ukingo wa maji: kumi na nne, hatua zangu mimi mtu mzima. Hakuna baya lililotokea siku ile, namshukuru Mungu. Nilimshika mwanangu mkono tukaondoka, na hatukurudi.

Mwaka uliofuata nilimpeleka kwenye kambi ndogo hapa hapa Tabata, ndani ya uwanja wa shule. Haina bwawa, na tangazo lao lilikuwa karatasi iliyobandikwa dukani. Nikaenda kuitazama saa saba vilevile. Nikakuta mikeka imetandikwa chini ya mwembe, mama mmoja anawasomea hadithi, mwingine anazunguka na orodha ya majina anahesabu vichwa. Chupa zote zilikuwa na majina yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta. Kila baada ya muda mwalimu anapiga filimbi, anapaza sauti "Maji!", na watoto wote wanainua chupa juu wanakunywa kwa pamoja. Mwanangu alirudi na chupa tupu kila siku kwa wiki mbili. Nilijua mtoto wangu yuko kwa watu.

Sisemi bwawa ni baya. Mtoto wa mji wa pwani anapaswa kujua kuogelea, na kambi ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini pakiwa na maji, maswali yako lazima yaongezeke. Je, yupo mwokoaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, mbali na mwalimu anayefundisha? Mtu mmoja hawezi kumshika mtoto tumbo anayejifunza kuelea na hapo hapo akawaona wengine kumi nyuma yake. Je, bwawa lina uzio na geti linalofungwa wakati wa chakula? Wasiojua kuogelea wanatenganishwaje na wanaojua? Wazazi wengi tunadhani mtoto anayezama atapiga kelele. Kwa kawaida hapigi. Anazama kimya kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kujibu ujumbe kwenye simu.

Mwenye mtoto wa kifafa au selimundu aongee na uongozi ana kwa ana, asiishie kujaza fomu. Maji ya bwawa ya asubuhi ya Juni ni baridi, na baridi pamoja na kukosa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu ya selimundu. Wa kifafa asiingie majini pasipo mtu mzima wa kwake peke yake, wa kumfuata kila anapokwenda.

Pana foleni pia. Kutoka Segerea mpaka Masaki asubuhi, mtoto anaamshwa saa kumi na moja, tena wakati wa likizo. Jioni analala garini akiwa na njaa. Nimeona watoto wanaochoka na kambi kabla Jumatano haijafika kwa sababu ya barabara tu. Kwa mtoto mdogo, kambi ya kawaida iliyo karibu na nyumbani naipa alama nyingi kuliko kambi nzuri iliyo ng'ambo ya Mwenge.

Lugha nayo tunaisahau. Kambi zingine huendeshwa kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Kama wa kwako anasoma shule ya Kiswahili, uliza kama walimu watamwelewa akisema tumbo linamuuma, na kama ataelewa wakimwambia asimame. Nimemwona binti wa dada yangu, mtoto mwenye maneno mengi nyumbani, akikaa wiki nzima kambini bila kufungua mdomo.

Kuhusu kompyuta na roboti sina mengi. Uliza kompyuta moja inatumiwa na watoto wangapi. Wakiwa wanne, mmoja atabonyeza na watatu watatazama. Upande wa sanaa, uliza mtoto anarudi na kitu gani alichokitengeneza mwenyewe. Ziara za mjini zinafaa sana na hazihitaji fedha nyingi. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo mtoto anaingia na kugusa kuta zake, na Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert ndiko lilikohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kambi inayowapeleka watoto huko naihesabia heri kuliko inayowapeleka kwenye maduka makubwa kula piza.

Kambi ya kulala

Hapa saa nane usiku inachukua usukani.

Mwaka jana binti yangu, akiwa darasa la tano, alikwenda Morogoro usiku tano. Kabla ya kulipa nilipanda treni ya SGR Jumamosi moja nikaenda kupaona. Tangu treni ile ianze safari mwaka 2024, Dar mpaka Morogoro ni chini ya saa mbili, kwa hiyo mzazi hana tena kisingizio cha kutoifikia kambi ya kule. Nilipofika, mabweni waliyonionyesha yalikuwa ya kawaida: vitanda vya dabo deka, vyandarua, sakafu ya saruji iliyopigwa deki vizuri. Nikamwambia matroni, "Dada, samahani, nionyeshe unapolala wewe." Akanipeleka kwenye chumba kilicho katikati ya bweni la wasichana na vyoo, mlango unatazama korido. Kwenye korido palikuwa na kiti na meza ndogo, juu yake daftari la zamu. Akanifungulia. Zamu za usiku zilikuwa mbili, na kila aliyekaa aliandika kwa mkono. Ukurasa mmoja ulisema saa 8:20 mtoto wa kitanda cha sita tumbo linamuuma, amepelekwa choo, amepewa maji, amelala tena saa 9:05. Nililipa kwa sababu ya daftari lile. Bustani na jukwaa la moto wa kambi sikuviuliza.

Binti yangu alilia usiku wa kwanza. Yeye hakuniambia mpaka Agosti, lakini matroni alinipigia asubuhi yake: amelia saa sita, nimekaa naye kitandani, leo amekula chai vizuri. Alirudi sauti imekauka kwa kuimba, soksi zake zimefuliwa na kukunjwa mbili mbili, na anajua kufunga kamba fundo ambalo baba yake halijui. Kwa mwezi mzima alikuwa anatandika kitanda bila kuambiwa.

Je, mdogo wake angeweza? Kwa umri ule, hapana. Mwaka 2023 wizara ya elimu ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, ila kwa kibali maalumu, kwa sababu umri huo mtoto anahitaji kulelewa karibu na familia yake. Ule ulikuwa uamuzi wa shule, si wa kambi za siku tano. Hata hivyo mimi nimeuchukua kama mstari wangu: chini ya darasa la tano, mtoto wangu halali kambini. Akishafika, tunaanza na usiku mbili, siyo kumi.

Yapo mambo wazazi tunaona haya kuyasema, na haya hiyo inawaumiza watoto. Mtoto wa miaka kumi anayekojoa kitandani wapo wengi tu, wala hawana kosa. Mwambie matroni faraghani, mpe mtoto shuka la akiba na mfuko wake, na mkubaliane aamshwe saa ngapi kwenda choo. Matroni akikunja uso ukimweleza hilo, umeshapata jibu lako, tafuta kambi nyingine.

Lingine ni usalama wa mwili wa mtoto. Uliza waziwazi: kuna wakati wowote mtu mzima mmoja anabaki peke yake na mtoto mmoja chumbani? Wanaooga wanasimamiwa na nani? Madereva, wapishi na walinzi wanapita mabwenini? Kambi inayojiheshimu hujibu bila kukasirika, na nyingine zitakuonyesha kanuni zake za maandishi. Mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii wa eneo husika aulizwe kama anaifahamu kambi hiyo. Na mtoto wako kabla hajaondoka aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba hakuna siri ya mwili ambayo mama hapaswi kuijua. Aijue namba yako kwa kichwa, na aijue 116, simu ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure. Wa kwangu nimewaimbisha namba hizo mpaka wanaziota.

Simu nyingi hukusanywa wakifika, na naunga mkono. Ila upate namba mbili za viongozi, jina la hospitali iliyo karibu, na uache nakala ya kadi ya bima pamoja na idhini ya matibabu iliyosainiwa.

Sasa bahari au mlima? Kambi za kulala zinazowahudumia watoto wa Dar nazigawa mafungu mawili: za pwani, Kigamboni na Bagamoyo, na za bara kidogo, Morogoro. Watoto wenyewe ukiwauliza watasema bahari. Bagamoyo ina faida yake: magofu ya Kaole, mji mkongwe, na ngoma za Chuo cha Sanaa, TaSUBa. Lakini bahari ina kalenda yake, na mwendesha kambi asiyeijua asipewe mtoto. Juni upepo ni wa kusi, bahari inachafuka, na boti ndogo ya kwenda kisiwa cha Mbudya kutoka Kunduchi au cha Bongoyo kutoka Msasani hurusha maji mpaka kifuani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yakipwa yanakwenda mbali, watoto wanayafuata wakiokota kombe, kisha yanarudi na kujaza kwanza madimbwi yaliyo nyuma yao. Kwa hiyo muulize kiongozi swali moja: wiki hiyo ni bamvua au maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana? Akijibu papo hapo, anaijua bahari. Akicheka, ashike njia yake. Na kila mtoto anayepanda boti avae jaketi la kuokolea linalomkaa mwilini. La mtu mzima likivalishwa mtoto, linaelea peke yake naye anachomoka chini.

Morogoro ina baridi. Usiku wa Juni chini ya milima ya Uluguru mtoto wa Dar anatetemeka, kwa hiyo sweta mbili, soksi na blanketi. Baridi inatibika kwa blanketi, na ndiyo maana kwa mara ya kwanza mimi nilichagua mlima.

Tuisheni

Wapo watakaosema fedha hiyo bora ailipie tuisheni ya likizo. Kwa mtoto wa darasa la saba, mwenye mtihani wa taifa Septemba, nawaelewa, hata mimi mwakani nitatafuta mwalimu wa hisabati wa saa mbili kwa siku. Kwa wengine hapana. Niliwahi kuchungulia darasa la tuisheni ya likizo saa saba mchana: chumba kimoja, dirisha moja, watoto wamelalia madaftari, mwalimu anaandika ubaoni amewapa mgongo. Walikuwa wameshasoma miezi mitano. Kama mtoto ana udhaifu katika somo moja, mtafutie mwalimu wa somo hilo, siku tatu kwa wiki, asubuhi, na mchana wake mwachie acheze.

Kwa bibi

Hili halina bango, na mabinti wengi wa siku hizi tunaliona la kizamani. Mimi naliweka sawa na kambi yoyote ya kulipia.

Mama yangu yuko Lushoto. Watoto wakifika kule wanaamka na ukungu, wanakwenda kukata majani ya ng'ombe na binamu zao, wanakula makande, wanajifunza kuamkia kwa Kisambaa nyumba hadi nyumba. Mwanangu, ambaye hapa Segerea hawezi kukaa bila katuni, alikaa wiki tatu bila kuitaja. Na saa nane usiku? Bibi analala nao chumba kimoja. Mtoto akikohoa mara mbili, taa inawashwa. Matroni gani atampita?

Ni saa saba mchana ndipo penye tatizo. Bibi ana miaka sabini na miwili, akishakula anasinzia, na watoto wanatawanyika: mtoni, kwenye miti, kwa majirani asiowajua vizuri. Mwaka wa kwanza mdogo alianguka kwenye ngazi za shamba akachanika goti, na aliyemwona wa kwanza alikuwa mtoto mwenzake. Tangu hapo namlipa mpwa wangu, amemaliza kidato cha nne, awe nao kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Mlipe mtu wa kule, kijijini pana vijana wanaotaka kazi hiyo. Na safari: usimkabidhi mtoto kwa konda pale stendi ya Mbezi ati kuna mjomba atampokea. Mpeleke mwenyewe au apelekwe na ndugu unayemjua vizuri.

Makambi ya dini na ya skauti ninayataja kwa kifupi kwa sababu yanategemea sana viongozi wa mahali ulipo. Uzuri wake ni kwamba viongozi unawaona wiki hadi wiki mwaka mzima, kanisani, msikitini au shuleni, kwa hiyo unajua tabia zao kabla hujawapa mtoto. Watafuta Njia, kundi la vijana wa Kisabato, na skauti hufundisha mafundo, kupika na kutembea kwa ramani, tena kwa fedha ya kawaida. Waulizeni maswali yale yale ya usiku. Kufahamiana kusiwazuie kuuliza.

Juni na Desemba

Kwa kambi ya nje nachagua Juni: hewa ni ya ubaridi kidogo, mvua za masika zimekatika, mtoto anakimbia bila kuunguzwa. Mbu bado wapo, na wa dengi huuma mchana kweupe. Dar iliugua dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo dawa ya kupaka mapema asubuhi, siyo jioni peke yake. Desemba ni joto la kaskazi na mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, kambi ya uwanjani inavurugika. Desemba ni ya bibi, kwa sababu na sikukuu zipo na likizo ni ndefu.

Hesabu

Nawapa ya nyumbani kwangu mwaka jana, yenu itatofautiana. Kambi ya kutwa ya karibu ilikuwa shilingi 120,000 kwa wiki, chakula anabeba, na bajaji 30,000. Jumla 150,000, yaani 30,000 kwa siku. Kambi ya mbali niliyoifikiria ilikuwa 200,000 kwa wiki, nikapiga usafiri wa 125,000, na fulana na kofia za lazima 25,000. Jumla 350,000, sawa na 70,000 kwa siku ya saa saba au nane. Kambi ya Morogoro ilikuwa 380,000 kila kitu ndani yake, na mimi nikatumia 70,000 kwa sweta, tochi, ndala na ndoo ndogo. Hiyo ni 450,000 kwa siku sita, 75,000 kwa siku, mchana na usiku, na tochi bado ipo. Kwa bibi, nauli zetu, mchele, sukari na malipo ya mpwa vilifika 350,000 kwa watoto wawili, wiki tatu.

Ukitazama vizuri utaona kambi ya mbali ndiyo iliyo ghali kuliko zote kwa kile mtoto anachokipata, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inaishia barabarani. Kama uwezo haupo kabisa, wazazi wanne wa mtaa mmoja mnaweza kupeana zamu: kila mmoja achukue siku yake ya ruhusa, awe na watoto wote, mmoja awapeleke makumbusho, mwingine afundishe kupika chapati. Tulifanya hivyo Aprili, siku nne, na watoto bado wanaulizia.

Basi, jirani yangu

Wa kwako ana miaka sita na hajazoea watu. Kati ya mabango matano uliyonitumia, ondoa mawili ya kulala. La Masaki liondoe kwa ajili ya foleni. Yanabaki mawili, la Tabata na la Kinyerezi lenye bwawa. Twende wote Alhamisi, saa saba mchana, tusiwaambie. Beba chupa yako ya maji, jua litakuwa kali.

Wa kwangu, binti anarudi Morogoro usiku saba, ameomba mwenyewe, na ameniambia safari hii nisimpigie matroni asubuhi. Nitapiga. Mdogo anakwenda wiki moja ya kutwa chini ya ule mwembe, halafu tarehe 20 tunapanda basi la Lushoto. Mpwa wangu ameshasema yuko tayari kuanzia saa sita.